Salamu ya Dirishani

Jumatatu, 8 Januari 1996
Muhula umeanza, na mvua nayo. Shule yetu sasa ina basi. Kamati ya wazazi imelinunua likiwa limekwishatumika huko Ujapani, na ubavuni bado lina picha ya sungura aliyevaa suruali, pamoja na maandishi ambayo hakuna anayeweza kuyasoma. Mwalimu Mkuu, Batholomeo, alitaka sungura apakwe rangi. Watoto wa darasa langu walilia, kwa hiyo sungura amebaki. Mimi nimeambiwa kwamba kila jioni nitawasindikiza watoto hadi Njiapanda na kisha Mlali. Nimeambiwa, sikuulizwa. Redio yangu imeisha betri, basi nitakuwa naandika haya machache nikirudi.

Jumanne, 9 Januari
Dereva ni Mzee Mazengo, Mgogo wa hapa hapa, mrefu, mwenye koti la kaki lililopigwa pasi hata siku ya matope. Aliendesha magari ya serikali Dodoma mjini mpaka walipopunguza wafanyakazi. Nilimwamkia, akaniuliza kwetu ni wapi. Nikasema Same.

"Aa, Mpare," akasema. "Basi itabidi niendeshe kwa uangalifu. Wapare kwa kesi nawajua."

Nikamwambia kesi za Wagogo huishia kwenye ng'ombe, ndiyo maana hazifiki mahakamani. Akacheka bila kutoa sauti. Anaonekana mtu wa kujisikia kidogo.

Ijumaa, 12 Januari
Mwalimu Mkuu ametangaza mstarini: kila mtoto akishuka kwenye basi amwamkie dereva na kumshukuru. "Mzee mzima anakufikisha kwenu, halafu unaondoka kimya kama gunia la mahindi?" Watoto wakasema hapana.

Jumatatu, 15 Januari
Niandike inavyokuwa, maana inajirudia kila siku. Tukifika Njiapanda, Mzee anaegesha kushoto, pembeni mwa barabara kuu ya Dar es Salaam. Mlango wa abiria uko kushoto, usukani uko kulia. Watoto wanashukia matopeni, wanazunguka mbele ya basi, na kupanga foleni chini ya dirisha la dereva. Wavulana wanavua kofia, wasichana wanakunja goti. "Shikamoo, babu." "Marahaba, mjukuu wangu. Wasalimie nyumbani." Hajibu kwa jumla. Kila mtoto na marahaba yake, na kama babake alikuwa mgonjwa, anaulizwa hali ya babake.

Wazazi wanaosubiri ng'ambo wanafurahi sana. Yasinta, mama yake Emilia wa darasa langu, aliniambia, "Mwalimu, hii ndiyo shule. Kule kwingine watoto wanasoma tu."

Foleni hiyo inasimama juu ya lami.

Alhamisi, 18 Januari
Wazazi wamechora zebra pale Njiapanda. Rangi ya barabarani haikupatikana, wametumia chokaa ya nyumba. Inapendeza.

Ijumaa, 19 Januari
Mvua usiku kucha. Zebra haipo.

Jumanne, 23 Januari
Zebra imechorwa upya. Kibao cha kuonya madereva kwamba hapa kuna watoto, kile kilichowekwa mwezi wa kumi na moja, kimeng'olewa. Wanasema bati lake ni zito, linafaa kwa majiko.

Jumatano, 24 Januari
Mvua. Hakuna zebra.

Jumanne, 30 Januari
Koplo Iddy wa usalama barabarani alikuja kuwafundisha watoto. Amefunga, midomo imemkauka, lakini alijitahidi. Gari likifika penye shule lipunguze mwendo. Penye zebra dereva asimame. Basi likishusha watoto, wengine wasilipite kwa fujo. Watoto nao wasivuke mpaka basi limeondoka na njia inaonekana. "Tazama kulia, tazama kushoto, tazama kulia tena." Waliimba mpaka paa likatetemeka.

Emilia akanyoosha mkono. Ana miaka saba na ni mtu wa kutaka kuelewa. "Na ukiwa unaamkia, afande, unatazama wapi?"

"Unamtazama unayemwamkia, mwanangu. Mtu mzima haamkiwi huku macho yanarandaranda."

Tukacheka wote, na mimi nikiwemo.

Ijumaa, 2 Februari
Nimekwenda ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Nikamwambia watoto wamwamkie Mzee wakiwa bado ndani ya basi, kabla ya kushuka. Alinitazama kama niliyetukana.

"Mwalimu Elieth, ndani ya basi watoto wako nyuma yake. Unataka mzee aamkiwe kisogoni?"

"Basi wasimwamkie wakishuka. Wamwamkie asubuhi, shuleni, akiwa amesimama."

"Hii ni wiki ya tatu tangu tuianze, wazazi wameipenda, halafu tuifute? Yeye mwenyewe atatuelewaje?"

Nikamwambia mabasi yanayotoka Dodoma kwenda Dar yanapita pale yakishindana. Akasema hilo ni kosa la hao wanaoshindana, na sheria iko wazi. Ni kweli, iko wazi. Nikarudi darasani.

Jumatatu, 5 Februari
Mvua. Vitabu vya mazoezi vimelowa kona.

Alhamisi, 8 Februari
Nitaandika kwa mpangilio.

Mvua ilikuwa imepungua, manyunyu tu. Tulifika Njiapanda kama kawaida. Walishuka watoto wanane au tisa, wakazunguka. Mimi nilibaki mlangoni nikimfunga kamba za viatu mtoto wa Mlali. Nilisikia marahaba moja baada ya nyingine. Emilia alikuwa wa mwisho kwa sababu alirudi kuchukua mfuko wake wa madaftari.

Basi kubwa lilitokea nyuma yetu. Nilisikia honi ndefu, ile ya kusema napita, haina maana ya kwamba nitasimama. Kisha nikasikia kishindo kidogo, kidogo kuliko unavyodhani, na sauti ya Mzee Mazengo ikisema neno la Kigogo ambalo silijui.

Nilipozunguka nilimkuta Mzee ametoka dirishani nusu ya mwili, mkono wake umeshika sweta ya Emilia kwenye ukosi, amemning'iniza dhidi ya mlango. Alikuwa amemvuta. Kama asingemvuta tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Lakini mguu wa kulia ulikuwa umepigwa, chini ya goti, na ulielekea upande ambao mguu hauelekei. Emilia hakulia. Alinitazama, akasema, "Mwalimu, bado hajaniitikia."

Yasinta alivuka barabara mbio bila kutazama popote. Tukampakia Emilia ndani ya basi, na watoto wa Mlali wakiwamo, tukaenda moja kwa moja hospitali. Njiani Mzee aliendesha polepole kwenye mashimo na haraka kwenye lami. Kola ya koti lake ilikuwa imechanika. Watoto wa Mlali walianza kuimba wimbo wa shule ili Emilia asiogope, nikawaacha waimbe.

Nimerudi nyumbani. Nimekasirika, lakini sijui nimkasirikie nani kwanza.

Ijumaa, 9 Februari
Mifupa miwili imevunjika. Amefungwa ile plasta ngumu ambayo watu huiita hogo. Atapona, daktari anasema, ila itachukua muda.

Dereva wa lile basi alikamatwa mbele ya safari. Koplo Iddy amekuja kuandika maelezo. Alimuuliza Mzee Mazengo mtoto alikuwa akifanya nini upande ule wa gari.

"Alikuwa ananiamkia."

Koplo akasimamisha kalamu. "Mzee, sheria ina kuvuka, ina kusimama, ina kulipita gari lingine. Salamu haimo. Alikuwa anavuka?"

"Alikuwa ananiamkia," Mzee akarudia.

Koplo akaandika alichoandika. Alipoondoka aliniambia kwa sauti ya chini kwamba kosa la yule dereva halina ubishi, na tusimchanganyie hakimu mambo. Kwa upande wa sheria nakubaliana naye.

Jumatatu, 12 Februari
Katika chumba cha walimu mtu mmoja amesema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sitaandika jina lake. Emilia alisikia la mkuu. Mkuu alisema waamkie, naye akaamkia.

Alhamisi, 15 Februari
Kikao cha kamati. Wamemsifu Mzee Mazengo kwa kumwokoa mtoto, wakasimama wote. Naye alisimama, akakaa, akatazama kofia yake. Nilipopewa nafasi nikasema habari ya dirisha iishe.

Mwalimu Mkuu alijibu kwa upole, na upole wake ulinichosha kuliko ukali. "Mzee huyu ameokoa uhai. Leo tukiwaambia watoto wasiende tena dirishani, tutakuwa tumetangaza kijiji kizima kwamba yeye ndiye aliyemvunja mtoto. Ndiyo shukrani yetu?"

Mzazi mmoja, mfanyabiashara wa mahindi, akasema tatizo ni mabasi ya siku hizi, kila mwenye hela ananunua lake na kuajiri mwehu. Wengi wakaitikia. Wakakubaliana kuchora zebra upya, mistari minene zaidi.

Mzee alikuwa bado anatazama kofia yake. Nilimngojea aseme.

Ijumaa, 16 Februari
Leo nimeshuka kabla ya watoto, nikaenda kusimama kwenye lami, mgongo kwa foleni, uso kwa magari yanayotoka Dodoma. Nimenyoosha kitenge chekundu. Malori mawili yalipunguza mwendo. Basi moja halikupunguza, likapita upande wa pili wa barabara, na tingo wake akanitukana. Nyuma yangu nasikia: shikamoo babu, marahaba mjukuu wangu. Sauti yake imekuwa ya chini.

Jumatatu, 19 Februari
Nimesimama.

Jumanne, 20 Februari
Nimesimama. Mvua. Kitenge kinachuja rangi.

Alhamisi, 22 Februari
Tulipotoka kumshusha mtoto wa mwisho Mlali, korongo lilikuwa limejaa. Hakuna kuvuka mpaka maji yapungue. Tulikaa ndani ya basi, mimi na Mzee, na mvua juu ya bati. Alikuwa na viazi vya kuchemsha, akanigawia.

Akaanza mwenyewe. Alimwendesha mkubwa mmoja wa mkoa kwa miaka mingi. Kila asubuhi mkubwa aliingia nyuma, akafungua gazeti, akasema, "Twende." Akitaka kumsalimu Mzee, alilisalimu koti lake mgongoni. "Nilikuwa naujua uso wake kwa kioo," akasema. "Siku waliposoma majina yetu sisi tunaopunguzwa, alipita karibu yangu kama hapa na pale. Mwalimu, hakunijua. Alikuwa hajawahi kuniona mbele."

Mwezi wa kwanza niliandika humu kwamba ni mtu wa kujisikia. Sikuwa na haja ya kuandika vile.

Lakini kesho yake watoto wangekuwa tena kwenye lami. Nikamwambia, "Mzee, kamati haitaweza. Mwalimu Mkuu hataki. Ni wewe tu. Waambie watoto waache."

Alimenya kiazi chote bila kukila. "Nikiwaambia waache, nitakuwa nimesema ni mimi niliyemvunja."

Nilijua jibu la heshima ni lipi. Ningesema, hapana, Mzee, usiseme hivyo. Sikulisema. Maji yalipopungua, tukavuka.

Ijumaa, 23 Februari
Nilimwamkia asubuhi. Aliitikia tu. Jioni nimesimama.

Jumanne, 27 Februari
Nimesimama. Hatuzungumzi.

Ijumaa, 1 Machi
Nimemtembelea Emilia kwao. Hogo limejaa michoro ya kuku. Aliniuliza kama zamu yake ya kufuta ubao imechukuliwa. Yasinta alinisindikiza hadi nje, akasema Mzee Mazengo hajafika hata mara moja, anamtuma mtu tu na maziwa. "Mimi sina kinyongo naye, Mwalimu. Alimvuta mwanangu. Kwa nini ananikimbia?" Nikasema sijui. Nilijua.

Jumatano, 6 Machi
Mvua. Zebra ya mistari minene imedumu siku tatu.

Jumatatu, 11 Machi
Homa. Viungo vyote. Naandika kwa taabu. Nimemtuma jirani amwambie Mwalimu Mkuu ampeleke mtu mwingine kwenye basi.

Jumanne, 12 Machi
Malaria. Jirani anasema Mwalimu Mkuu hana mtu wa kumpeleka, Mzee ameenda na watoto peke yake, jana na leo. Sijui nani amesimama pale. Nilijaribu kuinuka, nikaanguka kitandani. Naogopa. Niandike hivyo hivyo, naogopa.

Alhamisi, 14 Machi
Jirani amerudi kutoka sokoni akicheka. Anasema watu wa Njiapanda wana kichekesho kipya: Mzee Mazengo siku hizi anafuata salamu kwa miguu. Nikamuuliza maana yake nini. Akasema, "Anashuka kwenye gari, Mwalimu. Anawafuata watoto. Mzee mzima anazunguka basi kwenda kuomba shikamoo."

Nikamwambia arudie. Kisha nikalala, mara ya kwanza tangu Jumapili.

Jumatatu, 18 Machi
Nimerudi kazini, nguvu bado hazijarudi. Nimeona kwa macho. Anaegesha, anazima injini, hafungui mlango wa watoto. Anashuka upande wake, anatazama nyuma, anazunguka kwa mbele akishikilia boneti kwa sababu ya matope, na ndipo anafungua. Anasimama hapo chini, kando ya ngazi, viatu vimezama. Kila mtoto anashuka mbele ya uso wake, anaamkia, anaitikiwa, anakwenda pembeni na kungoja. Hakuna hata mmoja anayegusa lami mpaka Mzee mwenyewe awavushe. Wale vijana wa vibanda vya chai walimwita, "Babu, umepungukiwa na salamu leo? Tukuongeze?" Alivuta kofia chini kidogo, akaendelea.

Kazi yangu ya kitenge imekwisha. Nilisimama bila shughuli, nikaona aibu kidogo, na furaha nyingi.

Ijumaa, 22 Machi
Mwalimu Mkuu alikuja Njiapanda kujionea. Hakupendezwa. "Mzee, wewe ndiye wa kufuatwa. Ukiwafuata, unawafundisha nini?"

"Nimekaa sana, Mwalimu," Mzee akajibu. "Miguu inataka kutembea."

Mwalimu Mkuu alingoja aongeze. Mzee akaenda kuwavusha watoto.

Jumatatu, 25 Machi
Salama.

Jumatatu, 1 Aprili
Salama. Mvua zinachoka. Hakimu amemfungia leseni dereva wa lile basi na kumpa adhabu. Koplo Iddy alipita kutuambia. Mzee aliuliza kama yule dereva ana watoto. Koplo akasema hajui.

Jumanne, 9 Aprili
Pasaka imepita. Emilia ametolewa hogo. Mguu umekuwa mwembamba, anatembea kwa fimbo mbili.

Jumatano, 17 Aprili
Emilia amerudi shuleni leo. Asubuhi alikuja na mama yake kwa baiskeli ya mjomba, kwa hiyo hakuonana na basi mpaka jioni. Alipanda akisaidiwa, akakaa kiti cha nyuma kabisa. Mzee alimwona kwa kioo. Nilimwona anamwona. Mikono yake ilibaki kwenye usukani, na gari liliondoka kwa upole ambao sijapata kuuona.

Njiapanda Mzee alishuka, akazunguka, akafungua. Watoto walishuka na kuamkia mmoja mmoja. Emilia hakushuka. Nilikwenda kumshika mkono, akashika chuma cha kiti kwa mikono yote miwili. Alikuwa anatazama lami kupitia dirisha. Nyuma yetu lori la saruji lilipiga honi.

Ng'ambo, Yasinta alikuwa amesimama. Ndiyo mara ya kwanza yeye na Mzee kuonana tangu siku ile. Alitaka kuja, Mzee akamwinulia kiganja: baki hapo. Kisha akapanda ndani. Koti lake lilikwaruza viti vya pande zote mbili, maana basi lile lilitengenezwa kwa watoto wa Kijapani. Alipofika nyuma aligeuka, akachuchumaa, goti likalia, akanyoosha mikono nyuma kama wafanyavyo kina mama wanapotaka kubeba.

"Panda," akasema.

Emilia alinitazama. Nikaitikia kwa kichwa. Akaachia chuma, akapanda mgongoni, nami nikachukua fimbo zake. Sijawahi kuona mwanamume wa umri ule hapa Ugogo akibeba mtoto mgongoni mbele ya watu. Vijana wa vibanda vya chai hawakusema kitu safari hii.

Akashuka naye. Akangoja lori la saruji lipite. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akatazama kulia tena. Wakaingia barabarani, mimi nyuma yao na wale watoto wengine.

Katikati ya lami Emilia akakumbuka. Nilimsikia, kwa sauti yake ya kutaka mambo yaende sawasawa: "Shikamoo, babu."

Mzee Mazengo hakujibu. Aliendelea kutembea, uso mbele. Emilia akangoja kidogo, akadhani hakusikika, akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Watoto nyuma yangu wakaacha kuzungumza. Hakuna mtoto wa basi lile aliyewahi kunyimwa marahaba.

Tukafika ng'ambo. Aliendelea mpaka alipopita mtaro, mpaka kwenye mchanga, mpaka mbele ya Yasinta. Hapo akapiga goti taratibu, akamtua, akamgeukia, na kumtazama usoni.

"Marahaba, mjukuu wangu," akasema. "Barabarani sikuitikii. Hata ukiniita mara kumi, sikuitikii."

Kisha akamgeukia mama yake, akaanza yeye kumsalimu, kwa Kigogo. "Mbukwa, Yasinta."

Yasinta akaitikia.